Santuri ya Kwanza ya Roberta Flack na Wasikilizaji Wake, 1969–1972

Mnamo mwezi wa Juni 1969 kampuni ya santuri ya Atlantic, yenye makao yake New York, ilitoa santuri ndefu ya kwanza ya mwimbaji Roberta Flack, iliyopewa jina la First Take. Jina hilo lina maana ya kunasa sauti kwa mara ya kwanza, yaani kabla mwimbaji hajaombwa kurudia. Santuri ilikuwa na nyimbo nane na muda wa takriban dakika 46. Katika mwaka huo haikupata nafasi yoyote ya maana kwenye orodha za mauzo. Lakini mwezi wa Aprili 1972 santuri hiyo hiyo, bila kuongezwa wala kupunguzwa hata noti moja, ilipanda hadi kilele cha orodha ya santuri ndefu ya jarida la Billboard, ikakaa hapo kwa wiki tano. Wakati huo mwimbaji mwenyewe alikwisha kutoa santuri nyingine mbili, Chapter Two ya mwaka wa 1970 na Quiet Fire ya mwaka wa 1971, na kwa desturi ya biashara hiyo ile ya kwanza ilipaswa kuwa imekwisha kusahauliwa.

Wanaosimulia kisa hiki hukieleza kwa neno moja: sinema. Mwongozaji filamu aliutumia wimbo mmoja, watu wakaupenda, wakaenda kununua. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni mafupi mno. Filamu nyingi za miaka hiyo zilitiwa nyimbo nzuri, na nyimbo hizo zikafa pamoja na matangazo ya filamu zenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba First Take ilizaliwa mbele ya hadhira ya namna fulani, ikapelekwa kwa hadhira ya namna nyingine isiyokuwa na mahali pa kuiweka, kisha ikarudishiwa, kwa njia ya sinema, hali ya usikilizaji iliyofanana na ile ya kwanza. Kadhalika yanakusudia kuonyesha kwamba marejeo hayo yalikuwa na gharama yake, na gharama hiyo haijatajwa vya kutosha.

Roberta Flack alizaliwa mwaka wa 1937 huko Black Mountain, katika jimbo la North Carolina, akakulia Arlington, Virginia. Mama yake alikuwa mpigaji kinanda kanisani. Akiwa na umri wa miaka 15 alipata nafasi ya masomo ya muziki katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo ambacho kwa muda mrefu kilikuwa miongoni mwa vitovu vikuu vya elimu ya Wamarekani weusi. Alihitimu akiwa na miaka 19. Akafundisha Farmville, North Carolina, kisha katika shule za Washington. Na jioni alikuwa akiwapigia piano waimbaji wa opera katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Georgetown. Hata mwelekeo wa kuimba nyimbo za kawaida aliupata kwa ushauri wa mwalimu wake wa sauti, aliyeona kwamba mustakabali wake ulikuwa huko kuliko katika opera. Si mwanamuziki aliyeokotwa barabarani, basi, kama ngano nyingi za biashara ya santuri zinavyopenda kusimulia. Alikuwa mwalimu aliyejua kusoma noti, aliyezoea Bach na tenzi za kanisa kwa pamoja.

Hadhira yake ya kwanza ilikuwa ya watu walioketi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 aliimba katika mkahawa uitwao Mr. Henry's, mtaa wa Capitol Hill, Washington. Watu walipozidi kufurika, mwenye mkahawa aliigeuza orofa ya juu kuwa ukumbi kwa ajili yake: kuta zikapambwa kwa mbao za mwaloni, vikawekwa viti vilivyofanana na vya kanisani, na vipaza sauti vilivyopangwa makusudi kwa sauti yake. Mambo haya si mapambo tu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba mahali pa utendaji huamuru namna ya utendaji. Mtambaji anayetambia jikoni usiku hatambi kama atambaye sokoni. Katika chumba kile mwimbaji angeweza kuvuta silabi moja kwa muda mrefu, kunyamaza kati ya mishororo, na kuushusha mwendo wa wimbo hadi ukaribie kusimama, kwa sababu alijua kwamba hakuna aliyekuja kucheza dansi. Hadhira ilikuwa ya mchanganyiko: weusi na weupe, wanasiasa, wanafunzi, na wanamuziki waliokuwa wakipita mjini.

Mmoja wa wanamuziki hao, mpigaji piano wa jazi Les McCann, alimsikia mwaka wa 1968, akamwombea nafasi ya kusikilizwa na kampuni ya Atlantic. Inasimuliwa kwamba mbele ya msimamizi wa kampuni, Joel Dorn, Flack aliimba nyimbo 42 katika muda wa saa tatu. Mwezi wa Novemba mwaka huo zikanaswa nyimbo zaidi ya 30 kwa majaribio, na mwezi wa Februari 1969 santuri yenyewe ikanaswa New York kwa muda wa saa kumi hivi. Kasi hiyo huwashangaza wasomaji wa leo, lakini haina ajabu. Nyimbo zilikuwa zimekwisha kupikwa na kuiva mbele ya hadhira ya Mr. Henry's, studio ilikuja kupakua. Wapigaji walikuwa watu wa jazi: Ron Carter kwenye besi, Bucky Pizzarelli kwenye gitaa, Ray Lucas kwenye ngoma. Flack mwenyewe alipiga piano.

Shida ilianza santuri ilipotoka nje ya chumba kile. Redio ya Marekani ya mwaka wa 1969 ilitawaliwa na wimbo wa dakika tatu, na katika First Take hapakuwa na wimbo hata mmoja uliopungua dakika nne. Mmoja ulifika dakika saba kamili. Zaidi ya hayo, neno lenyewe "soul" lilikuwa limekwisha kupata maana katika masikio ya watu. Miaka miwili tu kabla yake, kampuni hiyo hiyo ya Atlantic ilikuwa imepata ushindi mkubwa na Aretha Franklin, na katika mwaka wa 1968 James Brown alikuwa ameutangaza weusi kwa kelele na kwa jasho. Msikilizaji aliyeambiwa kwamba hii ni santuri ya soul alitarajia sauti ipande, tarumbeta zijibu, na mwili uitike. Alipewa badala yake sauti iliyojizuia, vinanda vya nyuzi vilivyopangwa kwa utaratibu, na piano iliyopigwa kana kwamba mpigaji anafikiri.

Kwamba maana hiyo ya soul haikuwa ya Wamarekani peke yao ni jambo linalothibitishwa na tukio la Afrika Mashariki la mwaka huo huo. Mnamo Novemba 1969 serikali ya Mkoa wa Pwani, Tanzania, ilipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za dansi za Dar es Salaam, kwa hoja kwamba uliharibu vijana na kuudhalilisha utamaduni wa taifa. Mabishano yaliyofuata katika magazeti yalikuwa makali. Wapo waliouona kuwa ni uchafu wa kigeni, na wapo waliouliza iweje muziki wa ndugu weusi wa ng'ambo uitwe wa kigeni kuliko ule wa Wazungu. Pande zote mbili, hata hivyo, zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulitamka, nalo ni kwamba soul ni ya kuchezwa. Kilichopigwa marufuku kilikuwa mtikisiko wa viungo. Ingekuwa vigumu kwa ofisa yeyote wa Mkoa wa Pwani kueleza ni hatari gani iliyomo katika santuri ya Flack, na ingekuwa vigumu vilevile kwa kijana wa Kariakoo kueleza faida yake siku ya Jumamosi usiku.

Inafaa kutua kidogo kwenye wimbo wa pili wa santuri, "Angelitos Negros", ambao wanaoandika historia za muziki huupita haraka na ambao kwa wanafunzi wa lugha una uzito wa pekee. Asili yake ni shairi la Mvenezuela Andrés Eloy Blanco. Shairi hilo lilitiwa mahadhi na Manuel Álvarez Maciste, na mwaka wa 1948 wimbo ukaingia katika filamu ya Kimeksiko yenye jina hilo hilo. Maudhui yake ni lawama kwa mchoraji wa picha za kanisani: mbona katika mbingu zake zote hakumkumbuka malaika mweusi hata mmoja? Eartha Kitt alikuwa ameuimba kabla ya Flack. Flack aliunasa kwa Kihispania chake asilia, karibu dakika saba, bila tafsiri na bila muhtasari wa Kiingereza ndani ya wimbo.

Uamuzi huo unazua swali la mapokezi ambalo halijibiwi kwa takwimu za mauzo. Msikilizaji wa Chicago au Atlanta asiyejua Kihispania alipokea nini? Si kweli kwamba hakupokea kitu. Wakenya waliokesha wakisikiliza nyimbo za Kilingala bila kuelewa ubeti mmoja wanajua kwamba sauti hubeba maana yake nje ya maneno: kiitikio, kilio, mahali ambapo pumzi inakatwa. Lakini pia si kweli kwamba maneno hayakuwa na kazi. Katika mwaka ambapo wenzake walikuwa wakidai heshima ya mtu mweusi kwa Kiingereza kikali, Flack aliidai kwa lugha ya mtu mweusi mwingine, wa upande wa pili wa bahari ya Karibi. Aliyeelewa alipata hoja kamili ya kisiasa. Asiyeelewa alipata ombi. Tofauti hiyo, ya wimbo mmoja kuwa mambo mawili kwa wasikilizaji wawili, ndiyo iliyokuja kuiandama santuri nzima.

Maana santuri hii ilikuwa ya kisiasa zaidi ya sifa yake. Wimbo wa kwanza, "Compared to What", uliotungwa na Gene McDaniels, unashambulia unafiki wa dini na vita vya Vietnam. Wimbo wa saba, "Tryin' Times", wa Donny Hathaway na Leroy Hutson, unahusu mtafaruku wa nyakati. Kati yao umo wimbo wa dini wa Wamarekani weusi, na mwishoni umewekwa wimbo wa huzuni juu ya vijana wa kiume wanaozeeka kwenye baa. Lakini hata hapa bahati haikuwa upande wa Flack. Mwezi ule ule wa Juni 1969 Les McCann na Eddie Harris walipiga "Compared to What" katika tamasha la Montreux, Uswisi, na mnaso wa siku hiyo ukapata wanunuzi wengi sana. Umma ukaupokea wimbo huo kwa mdomo wa McCann, kwa mwendo wa kuchezeka, ilhali Flack alikuwa ameunasa miezi minne kabla.

Wimbo uliobadilisha mambo ulikuwa wa sita, "The First Time Ever I Saw Your Face". Historia yake inastahili kuelezwa kwa sababu ni historia ya wimbo uliohama kutoka hadhira hadi hadhira. Uliandikwa mwaka wa 1957 na Ewan MacColl, mtunzi wa Uingereza, mkomunisti na mtafiti wa nyimbo za jadi, kwa ajili ya Peggy Seeger, mwimbaji wa Marekani aliyekuja kuwa mkewe. Kwa masimulizi ya Seeger mwenyewe, wimbo ulimfikia kwa simu, yeye akiwa Marekani na MacColl akiwa ng'ambo. Wimbo wa kwanza kabisa, kwa hiyo, ulikuwa na hadhira ya mtu mmoja. Seeger aliuimba kwa wepesi, kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi. Wakauchukua waimbaji wa nyimbo za jadi wa Marekani wa miaka ya 1960, wakauimba kila kundi kwa namna yake. Flack aliupata kwa waimbaji hao, akawafundisha wasichana wa kwaya ya shule, akauimba Mr. Henry's, na mnaso wake ukawa wa dakika 5 na sekunde 22, zaidi ya mara mbili ya ule wa Seeger. Maneno hayakubadilika. Kilichoongezwa ni muda kati ya neno na neno, na ndani ya muda huo msikilizaji alipewa nafasi ya kuweka jambo lake mwenyewe. Msomi wa taarab hatashangazwa na hili. Anawajua wasikilizaji wanaoinuka kutuza katikati ya ubeti kwa sababu ubeti umewagusa wao.

Clint Eastwood, mwigizaji aliyekuwa akiongoza filamu yake ya kwanza, aliusikia wimbo huo redioni akiwa anaendesha gari huko Los Angeles. Akampigia Flack simu, akaomba kuutumia katika Play Misty for Me, filamu iliyotoka mwaka wa 1971 na ambayo mhusika wake mkuu, kwa namna inayofaa sana, ni mtangazaji wa redio wa usiku. Malipo yalikuwa dola 2,000. Flack alitaka kuunasa upya kwa mwendo wa haraka zaidi, akidhani kwamba ulikuwa wa polepole mno; Eastwood akakataa. Wengi hukisimulia kisehemu hiki kama kichekesho cha msanii asiyejua thamani ya kazi yake. Tafsiri hiyo haimtendei haki. Baada ya miaka miwili ya ukimya wa umma, Flack alikuwa amefikia mkataa ambao msanii yeyote angeufikia: kwamba kosa lilikuwa katika mwendo. Alikuwa tayari kuufuata msimamo wa redio wakati ule ule ambapo mtu wa sinema alikuwa akiutafuta mwendo wa Mr. Henry's.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sinema haikuutangaza wimbo tu, iliurudishia hali yake ya asili. Ukumbi wa filamu ni chumba chenye giza, watu wameketi, wamelipa ili kunyamaza, na hawana mahali pengine pa kwenda kwa muda huo. Wimbo ulipigwa karibu wote, juu ya picha za wapendanao wawili wasiosema neno. Waliotoka ukumbini walikwisha kufundishwa namna ya kuusikiliza. Ndipo wakaanza kuuliza redioni na madukani, na kampuni ya Atlantic, ambayo kwa karibu miaka mitatu haikuona sababu ya kuutoa kwenye santuri ndogo, ikautoa mwanzoni mwa mwaka wa 1972. Ikaupunguza kwa zaidi ya dakika moja ili ufae redio. Ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki sita, ukahesabiwa na Billboard kuwa wimbo wa kwanza wa mwaka mzima, na mwaka wa 1973 ukapata tuzo ya Grammy ya santuri bora ya mwaka, huku MacColl akipata ile ya utunzi.

Gharama, basi, ilikuwa nini? Waliokuja kununua First Take mwaka wa 1972 walikuja kwa ajili ya wimbo wa sita. Nyimbo saba nyingine zikawa kama jamaa waliomsindikiza bwana arusi. Santuri iliyofunguliwa kwa shutuma juu ya vita na kufuatishiwa lawama juu ya malaika weupe ikawekwa katika fungu la nyimbo za mapenzi, na mwimbaji wake akawekwa humo pamoja nayo. Mafanikio ya "Killing Me Softly with His Song" mwaka wa 1973 yakakaza kifundo hicho. Wahakiki nao wakagawanyika. Julius Lester, mwandishi mweusi aliyeshiriki harakati za haki za raia, alikuwa amekwisha kuandika mapema juu ya uwezo wake wa kuutia wimbo wa polepole mkazo wa moyo usiovumilika kwa urahisi. Kwa upande mwingine Robert Christgau, mhakiki wa New York, alishikilia kwamba Flack alikuwa na uhusiano mdogo sana na soul. Hukumu ya Christgau ina udhaifu wa wazi: inachukua namna moja ya kuwa mweusi katika muziki, ile ya sauti iliyopaa, na kuifanya sheria. Kanisa la Wamarekani weusi halikuwa na sauti moja tu. Lilikuwa na mhubiri anayenguruma na lilikuwa pia na mama wa kinanda anayeshikilia noti wakati waumini wanaomba kimya kimya, na Flack alilelewa na huyo wa pili.

Wasikilizaji walikuja kulitatua suala hilo bila kuwangoja wahakiki. Mwaka wa 1976, katika kituo cha redio cha Chuo Kikuu cha Howard, WHUR, mtangazaji kijana Melvin Lindsey alianza kipindi cha usiku cha nyimbo za soul za polepole, kilichopata jina la "Quiet Storm" kutokana na wimbo wa Smokey Robinson. Mfano huo uliigwa na vituo vingi vya Wamarekani weusi, na nyimbo za Flack zikawa miongoni mwa nguzo zake. Chumba cha orofa ya juu cha Capitol Hill kilikuwa kimepata, katika mji ule ule, chumba kingine kisichokuwa na kuta.

Mnamo mwaka wa 2020 First Take ilitolewa tena kwa kuadhimisha miaka 50, ikiambatana na minaso ya majaribio ya mwaka wa 1968 iliyokuwa imefichika kwa nusu karne. Mwimbaji alifariki tarehe 24 Februari 2025, na katika taazia nyingi wimbo wa sita ulitangulia kutajwa. Katika santuri yenyewe "Compared to What" bado ndio wa kwanza, na "Angelitos Negros" unaufuata, kwa Kihispania, bila tafsiri.